Daraja langu limekuwa tenga la kuku

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka mitatu kwenye uchoraji wa Tingatinga. Tembo, kanga na mbuyu vinanitoka vizuri. Sasa mwenye hoteli mmoja anataka nimchoree Daraja la Kigamboni kwenye hadibodi ya futi mbili kwa mbili. Nimerudia mara nne, kila mara linatoka tenga la kuku. Nakosea wapi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa la kwanza ni la hadibodi, si la mkono wako. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, alichora kwenye vipande vya mraba, mnyama mmoja akajaza kipande chote toka pembe hadi mkia. Tembo anakubali kubanwa hivyo. Daraja la mita 680 halikubali. Kata ubao mrefu, futi moja kwa nne, au chora nguzo moja tu na nyaya zake, barabara ikatike ukingoni. Ningekuwa mimi, ningechora nguzo moja.

Nenda Kurasini, upande wa mjini wa daraja, alfajiri. Jua linachomoza upande wa Kigamboni, kwa hiyo daraja lote linakuwa jeusi, halina kivuli wala mbonyeo. Hapo ndipo Tingatinga yako inapokusaidia, maana rangi zetu ni bapa tangu zamani.

Nyaya najua umezipiga kwa brashi, ndiyo maana zinatetemeka. Chovya uzi wa kushonea kwenye rangi. Mwenzio ashike ncha moja juu ya nguzo, wewe ushike nyingine ubavuni mwa barabara. Uvute, uuachie upige ubao, kama seremala anavyopiga mstari. Ila subiri rangi ya chini ikauke kweli. Rangi ya mafuta ni danganya toto: juu kavu, chini teketeke. Na usiache waya uishie hewani. Ndio uliobeba barabara, haukuwekwa kwa urembo.

La mwisho, muulize mteja mapema anataka maji yamejaa au yamekupwa. Mimi niliwahi kuchora Daraja la Selander maji yakiwa yametoka, mikoko imesimama kwenye tope zuri, rangi ya kahawa ya kijiweni. Mteja akaitazama weee, akasema amelipia daraja, hakulipia tope. Picha ninayo mpaka leo, nyuma ya kabati.