Fidia ya mtegaji wa manyoya: hesabu wanyama kabla ya kuhesabu dola

Karatasi yenye nguvu kuliko zote katika madai ya mtegaji ni ile anayoitupa: stakabadhi ya kuuzia ngozi. Nafanya uhasibu kaskazini mwa Manitoba, Kanada, na sehemu ya wateja wangu ni wategaji, wengi wao watu wa Cree, wenyeji wa asili wa huku, ambao mito yao ilifungwa mabwawa ya kufua umeme. Wanakuja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi zilizokunjamana, na mimi kazi yangu ni kuzigeuza kuwa madai yanayoeleweka. Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndugu walioko nyumbani, hasa walio karibu na Mto Rufiji, wamekuwa wakiniuliza mambo hayohayo.

Kwanza uelewe bwawa linamuumizaje mtegaji, kwa kuwa wengi hudhani hasara ni ile ardhi iliyozama tu. Mto Nelson, unaotoka Ziwa Winnipeg, kwa asili yake hujaa majira ya joto na hutulia baridi inapokaza. Umeme nao hutakiwa zaidi wakati wa baridi, nyumba zinapopashwa joto. Tangu Ziwa Winnipeg lilipoanza kudhibitiwa mwaka 1976, maji huzuiwa msimu wa joto na kuachiliwa kwa wingi msimu wa baridi, kinyume cha mwendo wa zamani. Muda huohuo sehemu kubwa ya maji ya Mto Churchill iligeuzwa ikaingizwa Nelson, na ziwa la Southern Indian, lililo kwenye Mto Churchill, likapanda karibu mita 3.

Sasa mfikirie biva, mnyama wa majini mwenye mkia bapa kama mwiko, anayeangusha miti kwa meno. Hujenga nyumba yake ukingoni kwa kufuata kina cha maji ya kabla ya barafu, na hulundika matawi chini ya maji karibu na mlango, ndiyo akiba yake ya kula hadi barafu iyeyuke. Maji yakipanda chini ya barafu, anafurikiwa humo ndani. Yakishuka, mlango unabaki hewani na chakula kinaganda. Maskrati, yule panya mkubwa wa kwenye matete, huumia zaidi maana vijumba vyake ni majani na matope tu. Mtegaji naye hukuta barafu inaning'inia juu ya uwazi, au maji yamepanda juu ya barafu na kufichwa na theluji. Pikipiki ya theluji ikikwama humo katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hapo ni suala la kufa na kupona.

Hakuna hata eka moja iliyozama katika hasara hizo. Ukienda kwa mthamini na ramani ya ardhi iliyofunikwa na maji peke yake, umeacha nyumbani nusu ya madai yako. Chora njia yako yote ya mitego, weka alama mahali kila nyumba ya biva ilipokuwa, mahali ulipokuwa ukivukia, na mahali usipothubutu kuvuka tena.

Kisha panga hesabu kwa idadi ya wanyama. Hapa nasisitiza, kwa sababu nimeona madai mazuri yakifa kwenye meza ya bei. Bei ya manyoya ilianguka vibaya mwishoni mwa miaka ya 1980, kampeni za kupinga uvaaji wa manyoya zilipopamba moto Ulaya na Marekani. Mtegaji anayeonyesha tu kwamba kipato chake kilishuka kutoka kiasi fulani cha dola hadi kiasi fulani, atajibiwa kwamba lawama ni ya soko. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kulipangua. Lakini ukionyesha kwamba ulikuwa ukitoa biva wengi kila msimu na sasa ni wachache kwa mitego ileile na siku zilezile, soko halina la kusema. Bei unaiweka baadaye, kama zoezi la kuzidisha.

Miaka ya kulinganisha nayo ina hila. Sungura wa theluji huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 10, na linksi, paka mwitu anayemla, humfuata nyuma. Anayetaka kukulipa kidogo atachagua miaka mitatu ya kabla ya bwawa iliyoangukia bondeni mwa mzunguko, na atasema kwa upole kabisa kwamba huo ndio wastani wako. Dai muongo mzima. Stakabadhi zikipungua, nenda kwa mnunuzi wa ngozi wa eneo lako au ofisi ya maliasili inayotoa leseni, kwa kuwa laini za mitego hapa zimesajiliwa tangu miaka ya 1940 na mavuno yaliandikwa.

Nyama nayo isisahaulike. Biva huliwa, maskrati huliwa, na mafuta yake yana kazi. Mzee wa Cree hawezi kukuonyesha stakabadhi ya nyama aliyowalisha wajukuu, lakini anaweza kukuambia familia ilikula nini mwezi kwa mwezi, na bei ya nyama katika duka la kijiji cha kaskazini, inakofika kwa ndege au kwa barabara ya barafu, inajulikana. Ongeza petroli ya kuzunguka mahali pasipopitika, mitego iliyogandia chini ya barafu, kibanda kilichobomoka pamoja na ukingo. Vitu vidogo hivi, vikijumlishwa, wakati mwingine huzidi thamani ya ngozi zenyewe.

Daftari la kila siku ni la lazima, hata kama mwandiko wako ni mbaya. Tarehe, mahali, hali ya barafu, ulichokuta. Uzuri wake ni kwamba Kanada ina vituo vya serikali vya kupima vina vya mito, na takwimu zake ziko wazi kwa umma, siku kwa siku. Nikiweka mstari wa daftari unaosema "maji juu ya barafu, nyumba mbili za biva zimefurika" kando ya kipimo cha kituo kinachoonyesha mto ulipanda wiki hiyohiyo, mjadala hubadilika ghafla. Mtegaji hajui grafu, na mwenye grafu hajawahi kufika pale. Daftari na grafu vinapokutana, hata wakili wa upande wa pili huacha kutabasamu.

Suala la nani athibitishe nini lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1977 serikali ya Kanada, serikali ya Manitoba, shirika la umeme la Manitoba Hydro na kamati iliyowakilisha jamii tano za wenyeji walisaini Mkataba wa Mafuriko ya Kaskazini. Ndani yake mna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: mzigo wa kuthibitisha kwamba mradi haukusababisha hasara uliwekwa upande wa mradi. Mtegaji hakulazimika kuwa mwanasayansi. Kwa hiyo kabla hujaandika lolote, tafuta mkataba unaokuhusu na usome kifungu hicho. Kama hakimo, jua kwamba kazi yako ni mara mbili. Kama kimo, hakikisha barua yako inakitaja kwenye ukurasa wa kwanza. Ni kweli kwamba kifungu kizuri hakikuleta malipo ya haraka. Madai yalikokotwa miaka mingi, na kati ya 1992 na 1997 jamii nne kati ya zile tano zilisaini makubaliano mapya ya utekelezaji.

Na fedha zinapofika, soma neno "mwisho". Hundi kubwa huja na hati ya kuachilia madai, na mara nyingi inaachilia hata hasara ambazo hazijatokea bado. Mimi huwashauri wateja wakatae kuachilia yajayo, au wadai bei ya yajayo iandikwe peke yake ionekane. Napendelea zaidi njia ya Quebec, jimbo la mashariki mwa Kanada. Baada ya mkataba wa James Bay wa 1975, uliotokana na mabwawa ya mto La Grande, Wacree walipata mpango wa kipato kwa wawindaji na wategaji, unaolipa kwa siku unazokaa porini ukiwinda na kutega. Hundi ya mara moja inamwambia mtu aache. Mpango ule unamlipa aendelee. Una kasoro zake, lakini kijana bado ana sababu ya kumfuata babu yake msituni.

Jambo la familia nalipitia upesi ingawa limevunja nyumba nyingi: leseni ina jina la mtu mmoja, ilhali mke, watoto na mpwa walikuwa wakitega na kuchuna pamoja. Andikeni mgawanyo wenu, mweke sahihi, kabla hundi haijafika.

Walio bonde la Rufiji wameniuliza kama haya yanawahusu. Sheria ni nyingine na viumbe ni vingine, ila hesabu ni ileile kwa mvuvi na kwa mkulima wa mlau anayesubiri maji yapwe ndipo apande. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, hivyo rekodi za kulinganisha nazo ni za miaka ya kabla ya hapo, na zinazidi kupotea. Kama kijiji chenu kina BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) yenye daftari la mavuno ya samaki, ombeni ruhusa mzipige picha kurasa zote za miaka hiyo, mzihifadhi kwenye simu za watu wasiopungua watatu. Kama kuna badiliko litaonekana humo, na kama halipo, litaonekana pia. Wa mlau waandike tarehe maji yalipopwa kila mwaka, wakianza na miaka ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa mavuno au kwa njaa.