Kabla ya Kununua Sili ya Tatu

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba alifungua difu ya mbele ya lori lake, yaani lile sanduku la gia katikati ya ekseli linalogawia magurudumu nguvu, akabadilisha beringi zote, akafunga kila kitu kwa uangalifu, na siku ya tatu akakuta doa la oili chini ya gari. Amekwisha kubadilisha mara mbili sili ya pinioni, yaani pete ya kuzuia oili kwenye gia ndogo inayoingiza nguvu ndani ya difu, na sasa anataka kujua anunue sili ya aina gani mara ya tatu. Aibu ya zamani ilinirudia nilipousoma ujumbe huo, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena baada ya miaka mingi ya kushika spana.

Kazi ya kufungua na kufunga sitaieleza, kwa kuwa anayesoma haya ama anaijua ama anatamani kuijua. Itoshe kusema kwamba difu niliyoifunga wakati ule, ya lori la mteja, niliijivunia. Nilipaka rangi kwenye meno ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, nikaizungusha, na alama ya mgusano ikakaa katikati ya jino kama inavyotakiwa. Niliwaita hata vijana ninaowafundisha waje waione. Mwenye lori aliondoka akiwa ameridhika, kisha akarudi siku nne baadaye na matone. Niliingia chini ya gari, nikaiona flanji ya pinioni, yaani kisahani kinachoiunganisha na shafti inayotoka kwenye gia, imelowa, na papo hapo nikatoa hukumu kwamba ni sili. Sikufuta wala kugusa chochote, niliagiza sili mpya tu.

Sili hiyo nayo ilivuja. Mara ya pili nilinunua ya bei ya juu zaidi, na kwa hasira nilichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, nikaikaza nati ya pinioni kwa nguvu zangu zote, nikidhani kwamba ndivyo nitakavyoizuia oili. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa kubwa. Nati ile haiishiki sili hata kidogo: sili hushikwa na ukingo wake wa nje uliobanwa ndani ya nyumba ya difu, na mdomo wake hutembea juu ya flanji. Kinachobanwa na nati, katika difu ya aina ile, ni bushi laini inayobonyea, na kadiri inavyobonyea ndivyo beringi za pinioni zinavyobanana. Baada ya safari fupi difu ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuweka kiganja juu yake, na oili ilitoka kwa wingi kuliko mwanzo. Mwenye lori aliniambia mbele ya vijana wangu, kwa sauti ya upole, «Fundi, wewe unatibu bila kupima.» Afadhali angenigombeza.

Siku hiyo ndipo nilipofanya nilichopaswa kukifanya mwanzoni. Niliosha nyumba yote ya difu kwa kiyeyusha grisi, nikaikausha kwa hewa, nikapaka unga wa talki kuizunguka sili, kwenye flanji, kwenye ukingo wa kifuniko na kwenye plagi zote mbili, kisha nikaliendesha lori kwa muda wa dakika kumi tu. Niliporudi chini, unga wa pembezoni mwa sili ulikuwa mkavu na mweupe, ila katikati ya flanji, palipo na nati, palikuwa pameloa, na kutoka hapo oili ilikuwa imerushwa na mzunguko hadi ukingoni. Oili ilikuwa ikipita kwenye splaini, yaani yale meno marefu yanayoishikanisha flanji na pinioni, na kutokea chini ya nati. Sili mbili nzima nilikuwa nimezitupa bure. Dawa yake ilikuwa kupaka silikoni kidogo kwenye splaini na chini ya washa ya nati. Lakini kwa sababu ya lile bomba langu refu, ilinibidi pia kuweka bushi mpya, nati mpya na beringi mpya za pinioni, kwa gharama yangu.

Kwa hiyo ndugu yangu, safisha kwanza. Oili hushuka kwa uzito wake na husukumwa nyuma na upepo wa mwendo, hivyo tone unaloliona halikuonyeshi chanzo. Kitafute mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Inuse pia. Oili ya difu ina harufu kali ya salfa, ambayo oili ya injini haina, na difu ya mbele hukaa chini ya injini inayoweza kuidondoshea uchafu wake. Ukiona gurudumu ndilo linalolowa, usiikimbilie sili ya habu, yaani ya kitovu cha gurudumu, kwa maana katika baadhi ya ekseli sili za ndani hukaa karibu na difu, na zikikatwa na meno ya shafti wakati wa kuirudisha, oili husafiri ndani ya bomba la ekseli na kutokea mwishoni. Wavivu wa kuosha hawatayaona haya, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi nilikuwa mmoja wao.

Kagua pia tundu la kupumulia la difu, lisiwe limeziba. Hewa iliyofungiwa ikipanda joto kutoka nyuzi 27 hadi 90 za Selsiasi, shinikizo lake huongezeka kwa takriban moja ya tano, na shinikizo hilo litaisukuma oili nje kupitia sili iliyo nzima kabisa. Oili iliyojazwa kupita ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa mahali pa tambarare, nayo huongeza balaa.

Kuhusu difu yako, anza na katikati ya flanji. Pakiwa pakavu, itoe flanji na upitishe ukucha mahali ambapo mdomo wa sili hutembea. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili za zamani, hakuna sili mpya itakayoziba hapo, bali utahitaji flanji nyingine au pete nyembamba ya chuma ya kuuvisha mfereji huo.