Wastani wa mshahara wa saa haulipwi mtu

SWALI: Ninaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, na hoteli moja imeniahidi dola 14 kwa saa kwa kazi ya kusafisha vyumba. Wakala aliyeniunganisha nayo amenionyesha takwimu za serikali zinazosema kwamba wastani wa mshahara wa saa katika burudani, hoteli na mikahawa ya Kentucky uko juu ya hapo, akaniambia niuzidishe kwa saa 2,080 nijue nitakachopata kwa mwaka. Je, hoteli inanipunja?

JIBU: Kisheria haikupunji. Kima cha chini cha mshahara cha Kentucky ni kile kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaguswa tangu Julai 2009. Kwamba kima hicho ni duni ni malalamiko ya haki, ila hukuniuliza hilo, na kilichonifanya nishike kalamu ni hesabu ya huyo wakala, ambayo naletewa mezani karibu kila wiki.

Takwimu aliyokuonyesha hupatikana kwa kuchukua jumla ya mishahara iliyolipwa katika sekta nzima, kabla ya kukatwa kodi na pamoja na malipo ya saa za ziada, kisha kuigawa kwa jumla ya saa zilizolipiwa. Kapu hilo lina meneja wa hoteli, mpishi mkuu, mlinzi wa makumbusho, mtunza nyasi wa uwanja wa gofu, wafanyakazi wa viwanja vya mbio za farasi, na mhudumu wa mezani ambaye mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye 7.25, na zisipomfikisha mwajiri afidie pengo. Ukigawanya mishahara ya watu hao wote unapata namba ambayo huenda hakuna hata mmoja wao anayelipwa.

Namba hiyo hupanda hata pale ambapo hakuna aliyeongezwa senti. Aprili 2020, janga la korona lilipofunga biashara, wastani wa mshahara wa saa katika sekta binafsi ya Marekani uliruka kwa zaidi ya dola moja ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu waliofukuzwa kwa mamilioni, wengi wao wa hoteli na mikahawa, walikuwa wale wa mishahara ya chini, hivyo wakabaki kwenye hesabu wenye mishahara minono. Yupo aliyeniletea mchoro wa mwezi ule kama ushahidi wa neema.

Kosa la pili ndilo linaloumiza zaidi. Saa 2,080 ni saa 40 kwa wiki kwa wiki 52, ilhali katika sekta hii wastani wa saa kwa ajira moja, Marekani nzima, umekuwa ukizunguka 26 kwa wiki katika miaka ya karibuni. Kwa dola 14, hesabu ya wakala inatoa dola 29,120 kwa mwaka. Kwa saa 26 unapata dola 18,928, tena kabla ya kodi. Nisije nami nikaanguka katika kosa lake: hizo 26 nazo ni wastani, na msafisha vyumba anaweza kupata zaidi wiki ya Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Louisville, mwanzoni mwa Mei, kisha akapangiwa siku mbili tu Januari. Kwa hiyo omba hoteli ikuandikie idadi ya chini ya saa za wiki, kwani hapo ndipo mshahara wako utakapoamuliwa.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi zinazopangwa kwa aina ya kazi, ambazo hutenga wasafisha vyumba peke yao, kwa jimbo na kwa eneo la jiji, na kuonyesha mshahara wa mtu aliye katikati ya safu. Ni bure, jambo ambalo mawakala hawana haraka ya kulitaja.

Mawakala hao wamezidi, na baadhi yao hutoza ada kwa ahadi ya “kazi ya wastani wa serikali”, kazi ambayo haipo popote. Mmoja nilipomwuliza mteja wake atapewa saa ngapi kwa wiki, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya hoteli.