Umri na Kilo Zako: Kwa Wanaoanza Triathloni Huku Mwanza

Wengi wanaoanza triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, huku kwetu hunijia na maswali ya baiskeli, nami huwauliza kwanza mwaka wa kuzaliwa na uzito wao, kwa sababu mtu asiyejua kundi lake hujipima na watu wasio wa kiwango chake, kisha akakata tamaa bure.

Wanariadha wa ridhaa kwa kawaida hugawanywa kwa umri wa miaka mitano mitano, wanaume peke yao na wanawake peke yao: 30 hadi 34, 35 hadi 39, na kuendelea mpaka wazee. Linalowaponza wengi ni kwamba umri unaohesabiwa si wa siku ya mashindano, bali ule utakaokuwa umeufikisha tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Mimi nimezaliwa Novemba. Mwaka mmoja nilishindana mwezi Agosti nikiwa na miaka 39, nikiwa nimejiandaa kupambana na wa rika hilo. Asubuhi ile, msimamizi alipoinama na kuniandika 40 kwa kalamu ya wino kwenye shavu la mguu, nilibishana naye mpaka akanionyesha kanuni. Umri huandikwa hapo ili anayepitwa amtambue mwenzake wa kundi, na kwangu namba ile ilikuwa sahihi.

Uzito una utaratibu wake, na mashindano mengi hayana kundi hilo kabisa. Marekani, wanaume wenye pauni 220 na zaidi, yaani takriban kilo 100, wanaweza kuingia kundi la Clydesdale, jina la farasi wakubwa wa mizigo wa Uskoti. Wanawake wenye pauni 165 na zaidi, karibu kilo 75, huingia kundi la Athena. Huchagua mwenyewe unapojiandikisha, na mara nyingi ukilichagua hushindanii tena nafasi katika kundi lako la umri.

Nauona mgawanyo huu kuwa wa haki. Ziwani maji hukubeba, na kwenye barabara tambarare mwili mkubwa wenye nguvu haubaki nyuma sana. Lakini panda kilima cha Bugando ukiwa na kilo 101 pamoja na mwenzako wa kilo 62, nawe utakuwa umebeba karibu ndoo mbili za lita 20 ambazo yeye hana. Hata hivyo, tafadhali msile ugali wa ziada ili kufikia kilo 100, wala msishinde njaa ili kuzikwepa. Niliwahi kujipima Kirumba kwenye mizani ya magunia jioni, nikiwa na viatu, ikasoma 101. Kesho yake alfajiri, peku na kabla ya chai, ikasoma 99. Aliye mpakani namna hiyo ashindane kwa umri, na aliyezidi waziwazi awaulize waandaaji, kabla ya kulipa ada, kama kundi la uzito lipo na kama watampima siku hiyo.