Vijana 25 wasiojuana: anza na mchezo usiomwanika mtu

Umeuliza uanze na mchezo gani, maana una vijana 25 wa miaka 13 hadi 17 wasiojuana, na mara iliyopita walikaa kimya wakitazama simu. Kwanza kabisa, tafadhali usimsimamishe mmoja mmoja mbele ajieleze. Katika umri huo kutazamwa na watu wote ni mateso, na mwenye haya atajifunga siku nzima.

Anza na mstari wa kimya: wajipange kwa tarehe za kuzaliwa, Januari hadi Desemba, bila kutoa sauti. Utaona vidole vinainuliwa, mtu anamvuta mwenzake mkono amhamishe. Kisha kagua mstari kwa sauti. Wa Machi akikutwa katikati ya wa Agosti, kicheko kinawatoka wote na ugeni unaanza kupungua.

Hapo wagawe watano watano wacheze “mawili kweli, moja uongo”: kila mmoja anataja mambo 3 kumhusu, wenzake wanakisia la uongo. Wewe tangulia, na mfano wako uwe mwepesi, kwa sababu watakuiga. Ukitaja jambo zito watadhani nao wanadaiwa siri.

Michezo ya kushikana mikono ningeiacha hadi wazoeane. Na anayekataa kucheza mpe kazi ya kushika saa, bila kumsema. Mara nyingi raundi ya pili anaingia mwenyewe. Dakika 20 zinatosha. Katisha wangali wanautaka mchezo.