Jibu: Vipovu kwenye vanishi ya mafuta ya nyonyo

Mkuu, umeuliza kwa nini vanishi yako ya poliyuretani ya mafuta ya nyonyo inajaa vipovu, na kama alizeti ya dukani ingefaa badala yake. Alizeti haifai hivihivi: haina vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni) vya kushikana na isosianeti, yaani kigumishi kinachoungana na mafuta kuwa poliyuretani, mpaka kiwanda kiibadilishe kikemia kwanza. Nyonyo inavyo tangu kwenye mbegu, maana karibu asilimia 90 ya asidi zake ni risinoleiki, yenye haidroksili. Ni polioli tayari, yaani ina haidroksili nyingi za kuunganika, na minyororo yake mirefu ya mafuta inayakataa maji vanishi ikishakauka.

Vipovu vyako ni unyevu tu. Maji yakikutana na isosianeti hutoa hewa ukaa, tena yanakula kigumishi, kwa hiyo hata uwiano wako wa mafuta na kigumishi unaharibika. Pasha mafuta yafike kama nyuzi 105 huku ukikoroga, mpaka povu liishe, kisha yapoe kabisa kwenye chombo kilichofungwa ndipo uchanganye. Mbao nazo ziwe kavu, wengi hujisahau hapo. Kama ni Dar wakati wa masika, paka tabaka jembamba. Na usipulizie bila barakoa ya kemikali, isosianeti inaleta pumu.