Kabla ya kuilaumu mita, kagua mpira wa friji

Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam zina ugomvi wa LUKU. Mpangaji wa chumba cha mbele anamshuku wa uani kwamba anapikia jiko la umeme, mama anawafokea watoto kwa sababu ya televisheni, baba anasema mita inakimbia. Taa zinazimwa mapema, watu wanakula gizani, na wakati wote huo friji liko kwenye kona yake linaunguruma toka asubuhi. Ninaposikia ugomvi wa namna hii huwa naomba jambo moja: mtu mmoja achukue kalamu na karatasi akasimame mbele ya mita.

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayowakawaka, na karibu yake kumeandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa ile ikiwaka mara 1,000, uniti moja imekwisha. Zima kila kitu ndani, chomoa hata king'amuzi na chaja za simu, liache friji peke yake likiwa linaunguruma. Hesabu taa inawaka mara ngapi kwa dakika 6, kisha zidisha kwa 10. Ikiwaka mara 12, friji lako linakula wati 120. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya jibu hilo kwa 1.6. Baada ya hapo chomoa na friji. Taa ikiendelea kuwakawaka, kuna umeme unakwenda mahali usipopajua, na hapo muite fundi umeme anayeeleweka, usianze kufungua soketi mwenyewe.

Lakini wati ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayoumiza mfuko, ni muda. Friji zima huunguruma, likipata baridi ya kutosha linajizima na kupumzika, kisha linaanza tena. La kwetu liliacha kupumzika. Usiku ukilala unalisikia, ukiamka alfajiri unalisikia. Fundi wa kwanza aligusa kompresa, ile mota ya nyuma inayounguruma, akasema gesi imepungua, akataka hela ya kujaza.

Hapa naomba kila mwenye friji anisikilize vizuri. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, miaka nenda rudi. Kama kweli imepungua, basi kuna tundu, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu na kuliziba anakuuzia baridi ya muda mfupi tu. Muulize: "Imevujia wapi?" Akishindwa kukuonyesha, mshukuru, mwache aende.

Mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyelimaliza tatizo. Alichukua noti, akaibana kwenye mlango wa friji, akaufunga, akaivuta. Noti ikatoka bila kukwama. Akarudia juu, chini na ubavuni. Upande wa chini, karibu na bawaba, mpira ulikuwa umekakamaa na kuachia, hewa ya joto inaingia usiku na mchana. Ukiona hivyo, anza na lisilo na gharama: osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana uchafu wa maziwa na mchuzi unatosha kuuzuia usibane vizuri. Ukiwa umepinda, ukande kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto mpaka ulainike, kisha ufunge mlango vizuri. Ukiwa umechanika, ubadilishe.

Na kuubadilisha kulinikera kweli. Dukani tuliponunulia friji waliniambia mpira hauuzwi peke yake, wakaanza kunionyesha mafriji mapya ya kulipia kidogo kidogo. Mtu anakuja kutafuta mpira, anapewa deni! Tuliupata Kariakoo kwa muuza vipuri, tukiwa na vipimo vya mlango tulivyoandika nyumbani. Pima urefu na upana kabla hujatoka, na ukiweza nenda na kipande cha mpira wa zamani, kwa sababu mifereji yake inatofautiana.

Piga hesabu uone kwa nini nang'ang'ania mpira. Friji la wati 120 linalounguruma nusu ya siku hutumia kama uniti 43 kwa mwezi. Lisipopumzika, ni uniti 86. Kwenye daraja la D1 la watumiaji wadogo, nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi: uniti moja ni Sh 100 kabla ya kodi na tozo, zinazozidi hapo ni Sh 350. Kwa hiyo friji peke yake, bila hata taa moja, linaweza kuitoa nyumba kwenye nafuu. Na kwa aliye daraja la T1, la watumiaji wa kawaida, ambako uniti hufika kama Sh 356 pamoja na kodi, zile uniti 43 za ziada ni zaidi ya Sh 15,000 kila mwezi. Ni mchele huo, ni mafuta ya kupikia.

Yapo na ya nyumbani ambayo hayahitaji fundi. Usiingize sufuria ya maharage ya moto, iache ipoe. Lisogeze friji mbali kidogo na ukuta, futa vumbi nyuma. Barafu ikijaa, zima friji iyeyuke yenyewe. Usiruhusu mtu aichokoe kwa kisu, kwa sababu kisu kikitoboa bomba ndipo gesi itakapovuja kweli. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuliwasha, au nunua kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha chenyewe. Watoto nao wanafundishika: wangu wanajua kuamua wanachotaka kabla ya kufungua mlango.

Ukienda kununua friji la mtumba, nenda na noti yako mfukoni. Ijaribu pande zote nne za mlango. Mwambie muuzaji aliwashe, kisha ukae nalo hapo hapo mpaka ulisikie limejizima lenyewe na kuwaka tena. Kama anakuharakisha, anadai umeme wa dukani ni mdogo au mteja mwingine anakuja, usitoe hela. Ukikubali, andikishaneni risiti yenye muda wa kulirudisha, ndipo uite bodaboda ya matairi matatu, na ukifika nyumbani uliache lisimame saa kadhaa kabla ya kulichomeka.